Sabufa ya Kusikilizwa

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Ngurumo kapita tena. Ni mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na jina hilo kapewa na mtaa mzima kwa sababu ya gari lake. Halijatokeza konani, vioo vya madirisha vimeshaanza kutetemeka. Du, du, du! Mama akalishika kabati la vyombo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa dirishani, nasoma (ndiyo, nasoma), nikaona ninachokiona kila mara: ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, yeye akainua kichwa.

Naandika "yeye" tu. Shajara hii ikiangukia mikononi mwa mama, "yeye" anaweza kuwa mtu yeyote. Hata mbuzi.

Ni binti wa fundi. Hukaa pale akishona vifungo, uso chini, na hakuna cha kumfanya auinue. Si mteja, si mvua, si mimi ninayepita na ndoo kwenda kuchota maji ambayo nyumbani yapo bombani. Ndoo yenyewe imeshang'oka mpini kwa safari hizo. Lakini Ngurumo apite, tena bila hata yeye Ngurumo kutazama pembeni, kichwa cha binti juu!

Shuleni nasoma kwa lugha mbili. Zote mbili nasifiwa kwa insha. Na zote mbili, nikiwa mbele yake, hunikimbia. Tangu tuhamie mtaa huu nimemwambia neno moja tu, "ndiyo", na hakuwa ameniuliza kitu.

Sasa jambo la haraka. Mjomba, kaka yake mama, tunayeishi naye, ni mwalimu wa udereva. Gari lake dogo lina kibao cha L juu ya paa, na pedali za ziada upande wa abiria, ambazo mjomba huzikanyaga hata akiwa mezani anakula. Na yeye, yule wa kibarazani, ni mwanafunzi wake. Mtihani ni Jumanne ijayo. Akifaulu, anaondoka: shangazi yake, anayeshona sare za shule katika mji mwingine, anamngoja akamwendeshee gari la kusambaza sare. Na mjomba anasema atafaulu, hajapata kuona mguu mwepesi hivyo kwenye klachi.

Kwa hiyo nina wiki moja ya kusikika.

Mpango: sabufa, spika za besi kama za Ngurumo, ndani ya gari la mjomba. Tukipita, kichwa kitainuka. Zaidi ya hapo, sabufa inahitaji mtu wa kukaa nyuma kuirekebisha wakati wa mafunzo. Mtu huyo ni nani? Mimi!

Wakati wa chakula nikamwambia mjomba kwamba wanafunzi wake wana hofu, na muziki hutuliza hofu, nimesoma. Akauliza nimesoma wapi. Nikasema kwenye kitabu cha Kiingereza. Hapo mjomba huwa hana la kuongeza. Mama akasema hofu ya wale watoto inatoka kwa mjomba mwenyewe na makelele yake, lakini mjomba alishapendezwa. Eti niende nikachague mimi, si ndiye msomi.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa Fundi Masikio. Anaitwa hivyo kwa sababu akijaribu spika huziba sikio moja kwa kidole, anadai ndipo la pili linapopata akili. Ukuta mzima sabufa! Inchi nane, kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Zinakukodolea macho kama samaki wakubwa. Yote niliyojifunza njiani kusema yakayeyuka.

Fundi akasema mjomba ameshazungumza naye. Mkewe fundi naye anajifunza udereva kwa mjomba, na bado anarudi nyuma kama anayefukuzwa na nyuki, kwa hiyo hao wawili wataendelea kufanyiana kazi mpaka uzee. Nichague tu.

Kisha akanieleza. Boksi lililozibwa kote hutoa besi fupi, safi, ya mtu aliye ndani ya gari. Boksi lenye tundu linapumua, na besi yake hutoka nje ikatembea mtaani. "Sasa wewe unataka sabufa ya kusikiliza, au sabufa ya kusikilizwa?"

Nikasema ya kusikilizwa.

Akasema hanisikii.

Nikarudia. Akaziba sikio moja, akainama mpaka kwenye kidevu changu. "YA KUSIKILIZWA!" Mama mmoja aliyekuja kutafuta betri ya rimoti akaangusha pochi.

Fundi alishauri moja tu ya inchi kumi, boksi lililozibwa, kwa kuwa gari lenyewe ni dogo, litaumia. Nikachagua mbili, inchi kumi na mbili, boksi la tundu. Nilivutiwa na tarakimu kubwa ya nguvu iliyoandikwa kwa rangi ya moto. Fundi akasema hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua tu, inayodumu ni ile ndogo iliyoandikwa chini. Nikasema najua. Sikujua. Ile ndogo hata sikuwa nimeiona.

Jumatano, 6 Agosti

Boksi haliingii butini! Likaingia baada ya kutoa jeki, gurudumu la akiba na koni za mjomba, zile za kufundishia kuegesha, ambazo anazipenda kuliko sisi. Mjomba akauliza koni zake zitakaa wapi. Fundi akasema kiti cha nyuma. Kiti cha nyuma! Kiti changu!

Fundi akafunga sabufa ya kwanza vizuri, akanivutia na waya mrefu wenye kitufe cha kupandishia na kushushia besi, nikae nacho kule nyuma kama bosi. Ndipo simu ikalia. Mkewe kagonga geti lao, kwa kurudi nyuma. Fundi akakimbia, akisema nisiguse kitu mpaka arudi.

Nikangoja. Nikangoja tena. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, na mimi nimesoma Kiingereza chote hiki kwa ajili ya siku gani? Kimebaki nini? Sabufa ya pili, nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nikafungua kwenye picha. Picha haikuwa ya rangi. Nyaya zote mbili nyeusi! Nikachagua kwa moyo.

Nikawasha. Muziki ukatoka. Besi haikutoka. Waimbaji wanasikika safi kabisa, ila kama wanaimba juu ya hewa, chini hakuna sakafu. Nikapandisha kitufe. Hewa tupu. Na sabufa zenyewe zinafanya kazi, nimeziona kwa macho: moja ikitoka nje, nyingine inaingia ndani, kama watu wanaopokezana zamu. Zinapendeza kabisa. Sauti ndiyo hakuna.

Ngurumo akapita, akasimamisha gari, akauliza kama sabufa ina mafua. Nikasema bado inalizoea gari.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepanda naye gari moja! Acha niandike polepole.

Yeye kwenye usukani. Mjomba kushoto kwake. Mimi nyuma, gurudumu la akiba mapajani, koni zimenibana mpaka dirishani. Mjomba akanitambulisha kama mtaalamu wa sauti. Kwenye kioo cha juu niliyaona macho yake. Yeye, nadhani, aliona gurudumu lenye masikio.

Muziki wembamba ule ule. Nikatamani koni zinifunike. Tukapita kwa kinyozi, tukakata kona, gia ya pili, ya tatu, wala haangalii chini. Akamwambia mjomba kwamba anaisikiliza injini kama anavyoisikiliza cherehani ya baba yake. Ikianza kulalamika unaihurumia, unabadilisha. Kisha akasema muziki huu mzuri, hauifuniki injini. Si kama balaa la Ngurumo, ambalo likipita tu kopo la vifungo linarukaruka kuelekea ukingoni mwa meza, inabidi aache sindano alidake. Nani kachagua huu?

Mjomba akanielekezea kidole gumba. Macho yale kwenye kioo! Akasema, "Umechagua vizuri, kaka."

Nikasema, "Ndiyo."

Ndiyo! Mtu kakusifia, unamjibu ndiyo! Kama hakimu!

Nimelipima jambo hili jioni nzima. Kwanza, amesifia sabufa ambayo haifanyi kazi. Huo ni uungwana wake tu. Ikifanya kazi je? Pili, suala la kopo la vifungo. Kosa si la besi, kosa ni la Ngurumo. Besi yangu itakuwa na adabu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kwa Fundi Masikio kumefungwa. Yuko nyumbani ananyoosha geti. Nikarudi kichwa chini, nikamkuta Ngurumo ameegemea gari la mjomba, anataka kumwona mgonjwa.

Akaingiza kichwa butini. Akacheka mpaka akajishikilia kwenye bampa. Eti hawa wawili wanapigana, hujaona? Mmoja anasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu yuko ndani, huyu yuko nje. Mlango utakwenda wapi? Akabadilisha nyaya za sabufa moja, nyekundu huku, nyeusi kule. Akasema nisimshukuru. Sikuwa na hatari ya kufanya hivyo.

Akauliza namfungia nani. Nikasema wanafunzi. Akatabasamu, akasema hata yeye alianza hivyo hivyo. Alikuwepo msichana mmoja kwenye nyumba ile yenye geti la kijani. Ngurumo alikuwa anapita pale kila jioni, kila mwezi anaongeza spika. Msichana akahama. Nyumba wamepanga watu wengine, na Ngurumo bado anapita. "Kuongeza nilijifunza, mdogo wangu. Kupunguza ndiyo sijui."

Nilimhurumia sana. Mtu mzima yule, hajui kupunguza.

Akaondoka, nikawasha. DU! Namba ya gari ikaanza kupiga makofi peke yake. Kibao cha L kikateleza juu ya paa, kikaanguka chini. Mama akatoka na mwiko mkononi. Ng'ambo, kwenye kibaraza, yeye akainua kichwa!

Ameinua kichwa kwa ajili yangu. Kopo la vifungo alikuwa amelikumbatia kifuani. Alikuwa mzuri kwelikweli na lile kopo.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika.

Haya. Tulikwenda uwanja wa mafunzo. Mjomba akapanga koni, akasema leo mazoezi ya mwisho na muziki wa uhakika, hata mtahini Jumanne atafurahi, naye ni binadamu. Mimi nyuma, kitufe mkononi. Nikapandisha.

Gari likawa ngoma. Gurudumu la akiba lilinitetemekea mapajani kama lina homa. Yeye akaondoa gari, likazimika. Akawasha, likaruka kama chura, likazimika. Akaondoa tena, akasahau kubadilisha gia, injini inalia na hakuna anayeisikia. Koni moja chini. Ya pili chini. Mjomba anakanyaga pedali zake kama anakanyaga mende. Yeye akainua mkono mmoja juu. Nikadhani amechangamka! Nikapandisha zaidi, na kitufe kikang'oka, kikabaki mkononi mwangu. Besi ikagandia kileleni.

Koni ya tatu tuliiburuza.

Akazima gari mwenyewe. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, siisikii injini." Mjomba akasema ni hofu tu, itaisha. Njia nzima ya kurudi sikuyaona macho kwenye kioo. Alikuwa anatazama barabara tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi mjomba, huku anakunywa chai, akasema mtoto wa watu akiendesha kesho kama Jumamosi, atafeli, na kurudia mtihani ni mpaka mwezi ujao.

Mwezi ujao! Mwezi mzima zaidi pale kibarazani! Kwa furaha niliiacha chai mezani. Na mimi sikuwa nimefanya kitu, wala sikuhitaji kufanya. Ilikuwa inatosha niache kila kitu kilivyo. Kitufe kimeng'oka, besi iko kileleni, redio inawaka yenyewe ukigeuza ufunguo tangu nilipozishika mimi nyaya zake, na mjomba anaiona ile sabufa kama medali. Nikae tu dirishani nisome.

Nikakaa dirishani.

Alasiri nikawaona. Yeye amekaa kwenye benchi, ameshika sahani ya bati kama usukani, miguu inakanyaga pedali ambazo hazipo. Macho amefumba. Na baba yake, kwenye cherehani, hakuwa anashona kitu, hata kitambaa hakikuwepo. Alikuwa anaikanyaga taratibu, halafu kasi, halafu kasi zaidi mpaka mashine inalia, na pale inapolia tu, mkono wa binti unaruka kubadilisha gia. Baba anatikisa kichwa, ndiyo. Wanaanza upya. Watu wamesimama na nguo zao za kupunguzwa, wanangoja. Hakuna aliyelalamika.

Chai ya jioni nayo niliiacha mezani. Safari hii si kwa furaha.

Nikachukua bisibisi, nikashuka uani. Nikafungua buti. Ningeweza kung'oa nyaya zote, lakini nilitaka gari liwe lile lile la Alhamisi, alilolisifia. Nikageuza nyaya za sabufa moja, nyekundu huku, nyeusi kule, kama nilivyokosea mwanzo. Nikawasha: waimbaji hewani, chini hakuna sakafu, na injini hiyo hapo, inasikika yote kama paka aliyeshiba.

Nimefanya kitu kizuri. Najisikia vibaya mno.

Jumanne, 12 Agosti

Amefaulu. Mtaa mzima umeambiwa na mjomba, tena kwa honi. Hajagusa koni hata moja. Mjomba anasema ni muziki uliomtuliza, na kwamba anafikiria kuandika mlangoni mwa gari, "Mafunzo yenye Sabufa".

Nilitazama sherehe yao kupitia pazia. Baba yake alivaa tepu ya kupimia shingoni kama shada la maua. Halafu yeye, bila Ngurumo kupita, bila kitu chochote kupita, akainua kichwa akatazama dirisha letu.

Nikajitupa chini. Nimegonga paji la uso kwenye meza. Limevimba.

Alhamisi, 14 Agosti

Ameondoka.

Shangazi yake alikuja na gari la sare, jeupe, limejaa marobota. Yeye akaja uani kumuaga mjomba na mama. Mimi nilikuwa nalifuta gari la mjomba, ambalo tangu asubuhi lilikuwa limeshang'aa. Mama akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Jiko halikuwa limewashwa. Akamvuta na mjomba.

Yeye akasimama karibu na tairi la mbele. Akasema Jumatatu aliniona na bisibisi. Akasema siku ya mtihani aliisikia injini yote, kila gia. Nikatikisa kichwa. Akauliza paji la uso limepatwa na nini. Nikatikisa kichwa. Akazungusha funguo za gari la shangazi kidoleni. Halafu akaniuliza, waziwazi, ananitazama usoni, wala si kwenye kioo:

"Kaka, una neno la kuniambia, au niende zangu?"

Lilikuwepo! Nililiona kabisa, katika lugha zote mbili, limeandikwa vizuri, na herufi kubwa mwanzoni. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ngoja."

Nikakimbilia kwenye gari. Niliuchagua wimbo tangu mwezi uliopita, wimbo ambao besi yake inasema yote, huhitaji hata maneno. Nikageuza ufunguo.

Vinanda vyembamba. Hewani. Nilikuwa nimesahau! Nyaya niligeuza mimi mwenyewe!

Akacheka. Si kwa ubaya, aliziba mdomo kwa kiganja. Akangoja tena kidogo, nadhani alidhani kuna kingine kinakuja. Shangazi akapiga honi. Akasema haya, kaka, baki salama. Akaenda.

Nikafungua buti. Bisibisi iko wapi? Mfukoni. Skrubu moja, ya pili, nyekundu huku, hapana, nyekundu kule. Nikasikia gari la sare likiwashwa. Gia ya kwanza, laini. Ya pili, laini. Nikakaza ya mwisho.

DU!

Kibao cha L kikaanguka. Kabati la mama likajibu kutoka ndani. Ng'ambo, kopo la vifungo likatembea kwenye meza, na safari hii hapakuwa na wa kulidaka. Likamwagika lote. Nikasimama katikati ya barabara na besi yangu mgongoni. Gari jeupe lilikuwa limeshafika njia panda.

Taa za breki zikawaka.

Zikakaa hivyo, nyekundu, kwa muda. Halafu zikazimika, likakata kona.

Amesikia! Mjomba anasema dereva yeyote aliyefunzwa vizuri hukanyaga breki pale, na huyo kamfunza yeye mwenyewe. Mjomba anajua nini?

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi nimekwenda ng'ambo kumsaidia fundi cherehani kuokota vifungo. Anasema macho yake hayavioni tena sakafuni. Kiti cha binti yake kipo pale pale, kinatazama dirisha letu. Sikuwahi kujua kinatazama dirisha letu. Mzee akataja mji anaoishi shangazi, akataja mtaa, akataja hata duka la jirani lenye simu, akasema hakuna anayekatazwa kwenda kusalimia. Ni safari ya asubuhi moja tu, na gari la abiria linapita hapa hapa.

Nikamwambia ndiyo.

Nimelipima jambo hili kwa makini. Kosa langu nimeliona. Taa za breki ziliwaka njia panda, baada ya hapo ziliacha. Maana yake besi yangu inafika njia panda tu. Mji wa shangazi uko mbali zaidi, na katikati kuna kilima.

Mchana nimekwenda kwa Fundi Masikio. Geti lake limenyooka, mkewe bado anajifunza. Akaniuliza safari hii nataka nini. Nikaonyesha ukutani, ile ya inchi kumi na tano. Akauliza, kwa upole kabisa, kijana, hii unataka imfikie nani?

Nikamtaja. Jina lake kamili, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sauti yangu mwenyewe.

Akaziba sikio moja, akainama, akasema hanisikii.

Si ndiyo hayo ninayosema? Inchi kumi na mbili hazitoshi.